Kompyuta Kongwe Iendayo Mpuguso: Uivishe Sura Gani?

Yamkini nyumbani kwako, au katika stoo ya ofisi unakofanya kazi, imo kompyuta moja ya zamani iliyofunikwa kitambaa na kusahauliwa. Ni sanduku zito ambalo weupe wake umegeuka manjano, kioo chake kimebinuka mbele kama runinga za zamani, na ukiiwasha haikuonyeshi picha yoyote. Hukuletea herufi C, nukta pacha, mkwaju, alama iliyochongoka kama mkuki, na baada ya hapo kijistari kinachopepesa. Kijistari hicho kinakungoja wewe. Usipokiambia neno, kitapepesa mpaka umeme ukatike.

Wengi wakifika hapo husema mashine imekufa, wakaiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Lakini yuko anayefikiri vingine. Mfanyakazi wa Dar es Salaam au wa Mbeya mjini ambaye kwao ni Rungwe huitazama akakumbuka nyumbani, Mpuguso, jirani na Tukuyu, penye chuo cha ualimu na shule za msingi zinazokizunguka. Humkumbuka mwalimu anayejumlisha alama za darasa zima kwa kalamu, usiku, akikosea safu moja na kuanza upya. Mfanyakazi huyo husema moyoni: mashine hii haitakaa hapa, nitaipeleka. Ndipo linapozuka swali la makala haya. Je, aipeleke kama ilivyo, na kijistari chake, au aivishe kwanza sura ya picha, yenye madirisha na kipanya, kama wanavyoziona watu kompyuta za leo?

Swali hilo lisidharauliwe. Mashine ikimshinda mtu siku ya kwanza, itafunikwa kitambaa kingine huko iliko, na safari yote ile mpaka njia panda ya Uyole na kushuka Tukuyu, pamoja na nauli ya mzigo, itakuwa imepotea.

MFUMO UNAONGOJA AMRI

Kwanza tufahamu tunachokivisha. Mfumo unaoendesha kompyuta hizo huitwa DOS. Asili yake ni programu iliyoandikwa mwaka 1980 na kijana mmoja wa Seattle, Marekani, aitwaye Tim Paterson. Kampuni ya Microsoft iliinunua, ikaitengeneza, na mwezi Agosti 1981 ikatoka pamoja na kompyuta mpya ya mezani ya kampuni ya IBM. Tabia zake ni za nyakati hizo. Hufanya kazi moja kwa wakati mmoja. Jina la faili halizidi herufi nane, na nyuma yake nyingine tatu. Tena programu zake hujibana katika kilobaiti 640 za kumbukumbu, hata kama mashine ina kumbukumbu zaidi ya hapo, isipokuwa zile zilizobuniwa mahsusi kuvuka mpaka huo.

Nchini mwetu mambo yalikwenda kwa namna yake. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na katika miaka ya 1980 marufuku hiyo ikalegezwa. Kwa hiyo walioijua DOS kwa karibu ni kizazi kimoja tu: makatibu mahsusi, wahasibu na watakwimu wa mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990, wale waliochapa barua kwa WordPerfect na kupanga hesabu kwa Lotus. Ilipofika mwaka 2005, wizara yenye dhamana ya elimu, kwa msaada wa Sweden, ilianza mpango wa kupeleka kompyuta katika vyuo vya ualimu vya serikali. Wakati huo madirisha na kipanya vilikwisha kuwa jambo la kawaida. Mwalimu kijana wa leo, basi, hakuvikuta vijistari vinavyongoja amri. Ukimpelekea DOS tupu, unampelekea kitu kilichokuwepo kabla yake, na itampasa aelezwe kama anavyoelezwa mgeni.

SURA YATOKA WAPI, NA YAGHARIMU NINI

Wataalamu wa lugha wameibuni istilahi ya kiolesura kwa maana ya pale mtu na mashine wanapokutana. Mimi hapa nitasema sura, maana ndiyo tunayoiona.

Sura ya picha ilianza kufanyiwa kazi kwa dhati katika maabara ya kampuni ya Xerox huko California, walikotengeneza mwaka 1973 kompyuta iitwayo Alto. Watu wa kawaida waliiona mwaka 1984, kampuni ya Apple ilipotoa Macintosh. Wazo lake ni jepesi: badala ya kukariri amri, mtu aone juu ya kioo meza ya ofisi, yenye majalada, karatasi na kapu la taka, ashike anachotaka kwa kipanya.

Ni wazo zuri, ila meza hiyo ni ya ofisi ya Kimarekani. Jalada la karatasi ngumu lenye ulimi pembeni, mtoto wa Mpuguso hakuzaliwa akilijua; pengine ameliona ofisi ya kata tu, siku alipopelekwa na mzazi. Picha nayo hufundishwa, sawasawa na neno. Anayesema kwamba picha hujieleza yenyewe amesahau siku alipofundishwa yeye.

Halafu kuna gharama. Herufi juu ya kioo cha DOS ni safu 80 kwa mistari 25, na zote pamoja huchukua kumbukumbu kidogo mno. Kuchora dirisha, kivuli chake na kipanya kinachotembea juu yake kunataka kumbukumbu nyingi na akili ya mashine yenye mbio. Mashine isiyo na nguvu ukiivisha sura nzito, itakuwa kama mzee aliyetwikwa gunia la ndizi akaambiwa apande mlima. Atafika, lakini saa ngapi?

Kwa hiyo kabla ya kuchagua, iulize mashine yenyewe. Andika VER, itakuambia ni DOS ya toleo gani. Andika MEM, itakuambia ina kumbukumbu kiasi gani. Ikikataa neno hilo kwa kuwa ni toleo la zamani mno, andika CHKDSK. Amri hizo hazibadilishi kitu, wala usiogope.

SURA ZENYEWE

Madirisha ya Microsoft, yaani Windows, hayakuwa ya kwanza. Mwaka 1983 ilitoka sura iitwayo Visi On, ghali na nzito, ikafa. Mwaka 1985 kampuni ya Digital Research ilitoa GEM, na mwishoni mwa mwaka huohuo ikatoka Windows ya kwanza, ambayo madirisha yake yalipangwa ubavu kwa ubavu kama vigae, moja lisiweze kulilalia jingine. Watu hawakuifurahia.

GEM yastahili tukae nayo kidogo, maana kwa mashine dhaifu ndiyo niipendayo. Ilifanana mno na Macintosh, hata Apple wakatishia kwenda mahakamani, na Digital Research wakalazimika kuipunguza: tangu mwaka 1986 meza yake ilikuwa na madirisha mawili tu yasiyosogezwa. Ulikuwa ugomvi wa matajiri, lakini kwa mwalimu mwenye mashine kongwe matokeo yake si mabaya hata kidogo. Madirisha mawili, moja juu na jingine chini, yanatosha kabisa kunakili faili kutoka diski kuu kwenda kwenye disketi, na mgeni hapotei ndani yake. Mashine za Amstrad zilizouzwa Uingereza kuanzia mwaka 1986 zilikuja na GEM, na programu maarufu ya kupanga kurasa, Ventura, ilisimama juu yake. Jambo kubwa zaidi ni kwamba mwaka 1999 msimbo wake uliachiwa huru. Leo GEM ni mali ya yeyote. Unaweza kuinakili, kuipeleka Mpuguso, na kuwapa jirani, pasipo mtu kukuita mwizi.

Windows iliyoshinda ni ya toleo la 3.0, iliyotoka Mei 1990, na ile ya 3.1 ya mwaka 1992. Ikiwa mashine yako ni ya aina ya 386 au 486, na ina megabaiti nne za kumbukumbu au zaidi, hii ndiyo sura itakayomfaa mtu mwenye kazi nyingi za kuchapa. Sababu kubwa hapa ni printa. Katika DOS tupu, kila programu hujitafutia yenyewe namna ya kuongea na printa. Unaweza kukuta barua inachapika na jedwali la alama linakataa. Katika Windows, printa huelezwa mara moja, na programu zote zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows huitumia. Tena toleo la 3.1 lilileta herufi zinazoonekana juu ya kioo kama zitakavyotoka kwenye karatasi, na anayetunga mtihani wenye vichwa, safu na nafasi za kujaza atajua thamani ya jambo hilo.

Ila Windows 3.1 ni mali ya Microsoft mpaka leo, ingawa kampuni yenyewe iliacha kuihudumia tangu mwisho wa mwaka 2001. Kama disketi zake halali zilikuja na mashine, uko salama. Kama huna, usiokote nakala ya barabarani. Nakala hizo hazina mwenyewe wa kuulizwa, na disketi za mitaani za miaka ile zilisafirisha virusi kama vile nzi wasafirishavyo kuhara.

Ipo sura ya tatu ambayo nadhani haikupata haki yake: GeoWorks, ya mwaka 1990. Hii ilifanya maajabu. Katika mashine za kizazi cha kwanza kabisa, zenye kilobaiti 640 na diski kuu ndogo, iliweza kuendesha kazi kadhaa kwa pamoja na kuonyesha herufi nzuri, ikiwa na programu yake ya kuandikia na nyingine ya kuchorea. Ilishindwa sokoni kwa kuwa watu wa nje hawakuiandikia programu za kutosha. Siku hizi msimbo wake nao umewekwa wazi. Kwa nyumba yenye mtoto apendaye kuchora, na mashine isiyoweza kuibeba Windows, ningeijaribu.

Nyingine nazitaja kwa kupita. DESQview ilikuwa ya mabingwa waliotaka kuendesha programu nyingi za maandishi kwa pamoja. Norton Commander, ya mwaka 1986, si picha bali ni orodha mbili za faili zilizokaa bega kwa bega, na waliozoea hawataki kitu kingine. DOS zenyewe, kuanzia toleo la nne la mwaka 1988, zilikuja na sura ndogo inayoitwa kwa kuandika DOSSHELL. Ijaribu kwanza hiyo. Huenda imo ndani ya mashine yako tayari, na hujatumia hata senti.

Na kama diski kuu imefutika, au DOS iliyokuwemo haipo tena? Mwezi Juni 1994 mwanafunzi wa Marekani, Jim Hall, alitangaza nia ya kuandika DOS huru isiyo mali ya kampuni. Leo inaitwa FreeDOS. Toleo lake la 1.4 lilitoka mwaka 2025, na ndani ya fungu lake imo GEM. Windows 3.1 haipatani nayo vizuri katika hali zote, lakini GEM huenda nayo bila ugomvi.

SURA UNAYOISHONA MWENYEWE

Sasa nakuja kwenye sura ambayo, kwa mawazo yangu, ndiyo ya kutangulia kabla ya hizo zote. Haina picha. Haiuzwi. Tena yazungumza Kiswahili.

Ndani ya DOS, ukiandika amri kadhaa katika faili moja na kuipa jina linaloishia na BAT, jina hilo hugeuka kuwa amri mpya. Faili iitwayo ORODHA.BAT yenye neno moja ndani yake, DIR, itamfanya mtu aandike ORODHA na kuonyeshwa faili zote. NAKILI.BAT itabeba amri ya COPY. Majina hayo yanatosha katika herufi nane. Hata CHAPISHA inatosha bila kubaki wala kuzidi. Nawe unaweza kuifanya amri yako iwe na huruma kuliko ya Kiingereza. Ndani ya FUTA.BAT andika hivi:

DEL %1 /P

Alama ya asilimia na tarakimu hushika jina la faili ambalo mtu ameliandika, na ile P ya mwisho, inayokubaliwa na DOS kuanzia toleo la nne, huilazimisha mashine kuuliza kabla ya kufuta. Mwalimu aliyechoka usiku hatapoteza alama za muhula kwa kidole kimoja.

Kisha tengeneza menyu. Fungua programu ya EDIT, iliyomo kuanzia DOS ya toleo la tano, uandike:

@ECHO OFF
CLS
ECHO 1 Andika barua au mtihani
ECHO 2 Jumlisha alama za wanafunzi
ECHO 3 Nakili kazi kwenye disketi
ECHO Andika namba, kisha bonyeza Enter

Ihifadhi kwa jina MENYU.BAT katika mzizi wa diski kuu. Halafu tengeneza faili nyingine tatu, 1.BAT, 2.BAT na 3.BAT, kila moja ikiwa na amri za kuingia kwenye programu yake. Mstari wa mwisho wa kila faili uwe MENYU, na kabla yake uandike CD, nafasi, na mkwaju wa kulalia nyuma, ili mtu akimaliza kazi arudishwe alikotoka. Mwisho, ongeza neno MENYU katika mstari wa mwisho wa faili iitwayo AUTOEXEC.BAT. Tangu hapo, mashine ikiwashwa, haitampokea mtu kwa kijistari kikavu. Itamsemesha kwa lugha yake. Ukitaka iseme Kinyakyusa, DOS haina kipingamizi.

Jambo hili la lugha limewahi kushughulikiwa na wakubwa. Mwishoni mwa mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kujivunia. Hata hivyo yataka mashine kubwa kuliko hii tunayoizungumzia, nasi hatuwezi kungoja. Mistari sita ya menyu hapo juu mtu aandika katika muda wa kuchemsha chai.

Faida ya pili ni kwamba anayeitumia menyu hiyo hufika siku akataka kujua ndani yake mna nini. Ataifungua, aone amri, aongeze namba 4 yake mwenyewe. Katika madirisha ya picha mlango huo umefungwa. Mwenye kuyatumia ataendelea kuyatumia, na mwenye kuyatengeneza yuko mbali. Kwa chuo kinachofundisha walimu, naona tofauti hiyo ni kubwa.

UMEME NA UNYEVU

Ushauri wangu, basi, ni huu. Ivishe mashine menyu ya Kiswahili kwanza. Ikiwa ni dhaifu, chini yake weka GEM, nayo iwe namba mojawapo katika menyu. Ikiwa ni 386 au zaidi, ina kumbukumbu ya kutosha, printa ipo na disketi halali zipo, weka Windows 3.1 vivyo hivyo. Wala usiahidi intaneti. Hakuna mojawapo ya hizi itakayofungua kurasa za leo kwa usalama, na mtu akidanganywa juu ya hilo ataidharau mashine nzima. Kama uwezo wako waruhusu kununua kompyuta ya karibuni, inunue, na hii iwe ya pili, ya kuandikia.

Ukiweka Windows, kuna mtego mmoja. Inakuja na programu iitwayo SMARTDRV, ambayo huharakisha kazi kwa kushikilia maandishi katika kumbukumbu na kuyaandika kwenye diski baadaye kidogo. Umeme ukikatika katika hicho kidogo, yaliyoshikiliwa yamekwenda. Dawa yake ni kuhariri mstari wake katika AUTOEXEC.BAT, usomeke SMARTDRV C bila alama ya kujumlisha. Itaharakisha kusoma tu, na kuandika kutakuwa kwa papo hapo.

Rungwe ni nchi ya mvua, na ukungu huota ndani ya disketi kama uotavyo juu ya viatu vya ngozi. Disketi zikae katika kopo lenye mfuniko, mashine isikae sakafuni wala isigusane na ukuta, na iwashwe angalau mara moja kwa juma ili joto lake lenyewe liikaushe.

Na kabla hujalifunga sanduku, fungua kifuniko cha mashine utazame betri. Katika nyingi za 386 na 486 ni kipipa kidogo kilichotiwa risasi juu ya bamba la mitambo, nacho kikizeeka huvuja na kula nyaya zilizo karibu. Mpe fundi akitoe aweke kingine. Betri ikifa, mashine husahau hata ina diski kuu ya aina gani, ikasema hakuna diski wakati diski imo. Kwa hiyo ingia katika ukurasa wake wa matayarisho, ule unaofunguka unapoiwasha, unakili namba za diski zilizoandikwa hapo, yaani silinda, vichwa na sekta, katika karatasi, uibandike kwa gundi ubavuni mwa sanduku, upande usioshikwa na wapakiaji.